Tandika mpaka Katesh na marobota ya sare za shule

Naandika nikiwa nimesharudi nyumbani Tandika, picha ziko kwenye simu na noti ziko kwenye daftari la vipimo, lilelile naloandikia viuno na mabega ya wateja, kwahiyo msishangae nikichanganya mambo. Kwa wasionijua mi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, Januari yote huwa silali. Mwaka huu nilibakiwa na kaki na bluu ya kutosha, wateja wangu kadhaa wakachanga hela ya uzi na vifungo, tukashona sare za watoto wa mikoa ya kati ambako mama yangu mdogo anafundisha shule ya msingi, wilaya ya Kongwa. Yeye ndo akaniunganisha na walimu wengine wawili aliosoma nao chuo, mmoja Kondoa mwingine Katesh. Watu wakasema tuma kwa basi mbona rahisi. Nikasema hapana, mi naenda, nataka nimuone anayevaa. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimekolea, wiki mbili hivi kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Jumapili, Dar – Dodoma

Marobota niliyatanguliza jana yake kwa basi, 25,000 kwa mzigo wote, mwenyewe nikapanda SGR daraja la kawaida 31,000. Mnaokuja nyuma yangu, kitambulisho lazima, na usifike dakika za mwisho kwa sababu geti linafungwa na treni haikusubiri hata ukiiona kwa macho. Maji na vitafunwa beba vyako.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwalimu mstaafu, anarudi Dodoma kutoka kumuona mjukuu hospitali ya Muhimbili. Nikamwambia naenda wapi na nini akacheka, akasema yeye ada ameiona ikifutwa mpaka amezoea. Ilifutwa enzi za Mwalimu Nyerere, watoto wakajazana darasani baada ya Azimio la Musoma la 1974, miaka ya 80 ikarudi kwa jina la mchango, 2001 ikafutwa tena kwenye MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, halafu 2016 ikaja elimu bila ada ambayo ilifika mpaka kidato cha nne, na 2022 wakaongeza cha tano na sita. "Ada mwanangu siyo iliyokuwa inawatoa watoto wangu shuleni," akasema, "waliokuwa wananitoroka walikuwa wanatoroka saa nne." Sikumuelewa saa nne ndo nini, tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa masikio yakaziba, tulipotoka mzee kashalala.

Dodoma mzigo haujafika. Kijana wa kaunta ananiambia dada gari limekatika propela shafti, hana hakika liko wapi, mara Gairo mara Pandambili. Nikachukua gesti karibu na stendi ya Nanenane 20,000. Mama mwenye gesti alivyosikia nasubiri sare za watoto akaniletea wali maharage na zabibu bakuli zima, nikauliza bei akasema zabibu za shambani kwake, kula. (Zabibu zilikuwa msimu, mfuko ulikuwa buku mbili mpaka tatu barabarani, usinunue stendi.)

Jumatatu, Dodoma – Kongwa

Mzigo ukafika saa tatu asubuhi, robota moja limelowa pembeni. Nikatafuta Hiace ya Kongwa, 5,000 mimi na 6,000 marobota, baada ya kubishana sana maana konda alianza na 15,000. Njia ni ile ya Morogoro, unapita Chamwino, unapita Buigiri pale ambapo kuna shule ya msingi ya wasioona tangu 1950, tukapakia walimu wawili wa pale, halafu Chalinze Nyama ambapo gari lazima lisimame hata kama hakuna abiria anayeshuka kwa sababu dereva ana njaa. Mishkaki jero jero. Mbande ndo unaacha lami kuu kuingia Kongwa.

Mpaka Kongwa mjini hakuna shida. Shida ni kutoka mjini kwenda kijijini. Nilipanda bodaboda mbili, moja yangu moja ya marobota, 8,000 kila moja, tukaenda vizuri karibu saa nzima mpaka tukafika kwenye korongo. Watu wa pwani korongo kwetu ni ndege, huko ni mto ambao mwaka mzima ni mchanga mkavu, halafu inanyesha juu milimani usiku, asubuhi yanashuka maji ya matope yanabeba mpaka magogo. Tukakaa pale toka saa nane mpaka saa kumi na mbili kasoro. Kulikuwa na wanafunzi kama thelathini upande wetu, wametoka shule wanasubiri kurudi kwao, wamevua viatu wameviweka vichwani, wenye viatu. Nikamuuliza mmoja mkishindwa kuvuka mnalala wapi, akanijibu kama naongea kitu cha kitoto, "kwa mwalimu."

Maji yalipopungua vijana wakabeba marobota mabegani kwa buku mbili mbili, ila mzee mmoja aliyenishika mkono kunivusha alikataa hata soda. Nikamwambia mbukwenyi, neno pekee la Kigogo nalolijua, akacheka sana.

Kwa mama mdogo nikakuta kweli watoto watano wamelala sebuleni kwenye mkeka, wale wa upande wa pili wa korongo waliobaki. Nyumba ya mwalimu, vyumba viwili. Anasema msimu wa mvua ndo ilivyo, mwaka jana aliwahi kuwa nao kumi na mmoja. Hakuna anayemlipa kwa hilo wala hakuna fomu ya kujaza. Tukala ugali wa uwele na mlenda wa kukaushwa, nikalala kama mzoga.

Jumanne, shuleni

Hii siku nitaiandika ndefu.

Saa moja na nusu paredi, watoto mia sita na kitu, walimu tisa. Mwalimu mkuu mwanaume mpole hivi wa makamo, alinipokea vizuri lakini aliniambia kitu kimoja mapema, kwamba sare hazitagawiwa paredi na hakuna picha ya watoto wakipokea. Nilikuwa nimeahidi picha kwa wateja wangu, nikanuna kidogo moyoni. Akanielezea kuwa miaka ya nyuma walikuja watu wakapanga watoto mstari mmoja wakatangaza hawa ndo maskini wa shule, wiki iliyofuata wawili hawakurudi. Kwahiyo utaratibu wao ni huu: fundi amekuja kupima sare, watoto wanaitwa mmoja mmoja ofisini baada ya vipindi, na kwenye orodha wanachanganywa na watoto wa walimu na wa mwenyekiti wa kijiji ili yeyote akiuliza isijulikane nani kapewa nani kanunuliwa. Hata mtoto wa mwalimu mkuu mwenyewe nilimpima, wala hakuhitaji sare.

Saa nne ndo nikamuelewa mzee wa kwenye treni. Kengele ikagonga, watoto wakachomoka na vikombe, makopo ya blubendi, kuna mmoja ana mfuniko wa termosi. Jikoni kuna jiko banifu la matofali na sufuria mbili kubwa, mama mpishi anachota uji wa mahindi, sukari siku mbili tu kwa wiki na hiyo siku haikuwa mojawapo. Watoto wengi hapo hawajala toka jana jioni na wengine wametembea kilomita tano, sita. Mama mdogo akaniambia angalia mahudhurio, akanifungulia rejista ya darasa la tatu. Wiki mbili za Januari jiko lilikuwa limezimwa, mahindi yameisha, rejista imejaa sifuri kuanzia kipindi cha nne. Wanakuja asubuhi wanaitikia jina, saa nne wanaondoka kutafuta matunda porini au kwenda kwenye vibarua vya kupalilia kwa watu. Jiko lilipowashwa tena rejista ikarudi alama. Nimeipiga picha bila majina.

Chakula chenyewe kinatoka wapi? Hapa ndo wengi wetu mjini tunachanganya. Serikali inatoa ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shule ni 6,000, yani jero kwa mwezi kwa mtoto. Kwa watoto mia sita ni laki tatu kwa mwezi, humo kuna chaki, mitihani, michezo, ukarabati, na chakula hakimo kabisa. Tukakaa na mwalimu mkuu tukapiga hesabu kwa ajili ya kujifurahisha tu: gramu mia za unga kwa mtoto ni kilo sitini kwa siku, kilo wakati ule ni kama mia nane, elfu arobaini na nane. Ukiamua kuila ruzuku yote ya mwezi unapata siku sita za uji, halafu huna chaki.

Kwahiyo chakula ni cha wazazi. Kamati ya shule na mkutano wa kijiji walikubaliana debe moja la mahindi kwa kila mtoto baada ya mavuno, na maharage kidogo. Zamani, miaka ya 2000, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanaleta chakula shule nyingi za Dodoma na Singida, uji wenye soya asubuhi na makande mchana, mama mpishi alianza kazi enzi hizo na bado anausifia ule unga. Ulipoisha mpango ule ndo wakabaki na debe. Na debe lina tatizo lake ambalo halihitaji digrii, mwaka wenye njaa ndo mwaka ambao mtoto anahitaji uji zaidi na ndo mwaka ambao mzazi hana debe.

Nikauliza je mtoto ambaye kwao hawajatoa? Nilishasikia shule nyingine wanawatenga, wenzao wanakunywa wao wanaangalia. Hapa daftari la michango halikai shuleni, linakaa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati. Mpishi hajui nani katoa, walimu wa darasa hawajui. Mwalimu mkuu akasema "mtoto hadaiwi, anadaiwa mzazi, na mzazi tunakutana naye kwenye mkutano siyo kwenye foleni ya uji." Kuna wazazi wanalalamika kwamba wao wanalisha watoto wa wavivu. Nilimkuta mmoja pale pale, mama mwenye sauti, akasema hivyo hivyo mbele yangu, na bado alikuwa amekuja na kuni za jikoni kichwani.

Kuna bibi mmoja pia alikuja kuchukua sahihi, analea wajukuu wanne, yuko TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwenye mpango wa kuzipa hela kaya maskini. Masharti yao mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80, mwalimu ndo anayethibitisha. Bibi anasema ile hela ikiingia kitu cha kwanza ni madaftari na sabuni, halafu mbegu za kuku. Mama mdogo akaniambia pembeni kwamba uji na TASAF vinategemeana kuliko wanavyodhani wa ofisini, uji ukikosekana mahudhurio yanashuka na mahudhurio yakishuka hela ya bibi inakuwa mashakani.

Mchana nikaanza kupima. Jamani mi nimeshona sare miaka mingi lakini sikuwahi kuona sketi kama ya binti mmoja wa darasa la tano. Ilikuwa na mistari mitatu ya pindo lililofumuliwa, juu bluu imepauka mpaka inakaribia kijivu, halafu mstari, chini yake bluu kidogo, mstari, bluu zaidi, na kipande cha mwisho chini kabisa bado kina bluu mbichi ya dukani kwa sababu kilikuwa kimekunjwa ndani miaka yote hiyo. Ilianzia kwa dada yake wa kwanza. Fundi aliyeishona mwanzo aliacha pindo la vidole sita, sijui ni nani lakini nampa heshima, mafundi wa mjini siku hizi tunaacha vidole viwili ili mteja arudi mapema. Toka nimerudi naacha vitano, mteja akilalamika sketi inavuta chini namwambia utanishukuru.

Shule ina kabati la sare. Darasa la saba wakimaliza mtihani mwezi wa tisa wanaombwa kuacha sare zao, akina mama wa kamati wanafua, zinawekwa kwenye kabati, mtoto akichanika katikati ya mwaka anaenda kubadilisha kama anabadilisha kitabu. Nyingi zilikuwa hazina vifungo. Nilitumia jioni yote kufunga vifungo na mama mpishi, amefunga vingi kuniliko na uzi wake haukatiki.

Jumatano

Mvua, korongo, matope, Dodoma. Nilifua nikalala.

Alhamisi, Dodoma – Kondoa

Basi la asubuhi 10,000, lami nzuri mwanzo mwisho, unapita Haneti, Chemba, ukifika Kondoa bado mapema. Hii barabara kabla haijawekwa lami ilikuwa inasifika kwa ubaya, abiria wenzangu watu wazima walikuwa wanasimuliana jinsi walivyokuwa wanalala njiani. Asali ya Kondoa inauzwa stendi lakini omba uonje kwanza. Ukiwa na siku ya ziada nenda Kolo kwenye michoro ya miambani, ni urithi wa dunia UNESCO tangu 2006, mi sikuwa na siku.

Rafiki wa mama mdogo ni mwalimu wa malezi kwenye sekondari ya kata. Alikuja kunipokea na bodaboda, akaniambia leo utalala kwangu na ukikataa nitampigia mama yako mdogo.

Ijumaa, sekondari

Huku tatizo ni umbali. Shule ya msingi iko karibu kila kijiji, sekondari ni moja kwa kata, na kata ni kubwa. Wanaotoka mbali wanapanga vyumba mtaani, wanaita magheto, mtoto wa miaka kumi na nne anajipikia, anajifulia, anakatwa kodi elfu kumi kwa mwezi, na mlango wa mbao unaofungwa kwa kamba. Mwalimu alinipitisha kwenye magheto mawili saa za jioni, sitaelezea yote niliyoyaona, nitasema tu kwamba kwenye moja wasichana watatu wanalala kitanda kimoja na wanapeana zamu ya kukaa macho siku ambayo jirani yao amelewa.

Ndo maana wanajenga hosteli. Wananchi wamechanga mawe, mchanga na nguvu zao, boma limefika kwenye lenta, sasa linasubiri serikali ipaue. Nchi hii imejaa maboma yanayosubiri, nimeyahesabu barabarani nikachoka, ila hili angalau mbao zilikuwa zimefika. Kwa muda darasa moja limefanywa bweni la kidato cha nne wasichana, mzazi analeta mahindi na maharage, mwalimu wa malezi analala chumba cha pembeni kama matroni bila posho. Kwenye droo ya meza yake kuna taulo za kike, kamba za viatu, panadol, na boksi la biskuti kwa ajili ya wale wanaodondoka paredi. Vingine vinatoka kwenye fungu la shule, vingine kwenye mshahara wake, hakutaka kuniambia vingapi.

Kuna binti wa kidato cha pili amerudi shule baada ya kujifungua. Zamani angekuwa ameshafutwa, ruhusa ya kurudi kwenye shule ya kawaida ilitangazwa Novemba 2021 ndo ukatoka waraka. Ila ruhusa ya waraka na kurudi kwenyewe ni vitu viwili. Mwalimu alienda kwao mara kadhaa, baba hataki kusikia, akakaa na bibi wa yule binti, bibi ndo analea mtoto, na ratiba ikapangwa ili saa za mapumziko akanyonyeshe maana nyumbani ni karibu. Kilichokuwa kinamrudisha nyuma kipindi kile ni kitu ambacho mwalimu aliona aibu kuniambia: sketi haifungi. Mwili umebadilika na wenzake wanamcheka.

Sasa hapo ndo niko kazini kwangu. Nikaenda sokoni Kondoa mchana, fundi mmoja wa kiume kafunga kwenda Ijumaa msikitini, nikamsubiri barazani, alivyorudi nikamwambia kaka naomba cherehani yako nusu saa nalipa. Akaangalia mshono wangu wa kwanza akaniuliza unashona wapi, tukajikuta tunaongea bei ya tetroni Kariakoo. Nikafungua mishono ya pembeni, nikaweka kipande cha kitambaa kilekile kila upande na lastiki nyuma kwenye mkanda, ukivaa na shati nje huoni kitu. Nikashona na ya pili kabisa mpya. Hela alikataa, akasema ukija tena niletee bobini za Butterfly orijino, za huku fake. Jumatatu yake mwalimu alinitumia meseji kuwa binti kafika saa moja kamili.

Jumamosi na Jumapili, Kondoa – Babati – Katesh

Kondoa Babati 6,000, kupanda milima ya Bereko na ukungu, nzuri sana lakini dereva alikuwa anaongea na simu. Babati Katesh 5,000. Mlima Hanang unauona muda mrefu kabla hujafika. Udongo na mawe yaliyoporomoka kutoka huo mlima tarehe 3 Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80, makovu bado yanaonekana ukipita, na mwenyeji wangu mwalimu aliniambia shule zilipofunguliwa Januari iliyofuata walimu walianza na kuuliza nani anakaa na nani sasa, kabla ya kufungua kitabu chochote. Jumapili nilipumzika, nikanywa maziwa mpaka nikajuta. Baridi kali, watu wa Dar bebeni sweta.

Jumatatu, shule shikizi

Bodaboda kilomita nyingi kuelekea kwa wafugaji, 15,000 kwenda na kurudi. Hii siyo shule kamili, ni shikizi, madarasa machache yaliyoshikizwa kwenye shule mama iliyo mbali ili watoto wadogo wa awali mpaka la tatu wasitembee umbali wote ule peke yao. Ukutani kuna kibao cha fedha za UVIKO-19, ule mpango wa mwaka 2021 uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 yakiwa ya shikizi kama haya. Jengo zuri, madawati yapo. Walimu wawili tu, mmoja wa serikali na mmoja wa kujitolea ambaye wazazi wanamlipa kwa maziwa na wakiuza mbuzi wanamkatia kitu.

Watoto wengi ni wa Kibarabaigi. Kuna ndugu wawili wa kiume, darasa la pili wote wawili japo mmoja ni mkubwa, wana kaptula moja. Siku moja anakuja huyu, kesho yule, anayebaki anachunga ndama. Mwalimu alikuwa ameshawaambia njooni wote hata na shuka, sare siyo kibali, ila baba yao akaona ni aibu. Na kusema ukweli kwa baba kaptula moja ilikuwa inampa mchungaji kila siku. Nilipotoa kaptula ya pili mzee akashukuru vizuri kabisa, halafu akauliza, sasa ndama?

Jibu alikuwa nalo mwalimu. Wakubwa waliochelewa wanasoma darasa la MEMKWA, elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, mchana baada ya ng'ombe kupelekwa maji, kwahiyo yule mkubwa ahamie huko, mdogo abaki asubuhi. Wakabishana kwa Kidatoga, lugha ya Wabarabaigi, muda mrefu, mi nakunywa chai, mwisho mzee akakubali kwa sharti kwamba siku ya mnada hakuna anayeenda shule. Mwalimu akakubali akaandika kwenye daftari lake. Mnada ni mara mbili kwa mwezi, ameona anapoteza siku mbili anapata nyingi.

Jumanne, Katesh – Singida – Dodoma – Dar

Safari ndefu sitaieleza. Singida nilinunua galoni la mafuta ya alizeti na vitunguu, kuku nikashindwa kumbeba. Treni ya jioni ilikuwa imejaa nikalala Dodoma kwa yule mama wa gesti, safari hii alinikata nusu bei. Kateni tiketi ya kurudi mapema, hasa ikiwa Bunge linaendelea.

Mlioniuliza kama tushone tena: tushone, ila kidogo, na hela nyingine tusubiri nayo mpaka mwezi wa saba. Debe la mahindi nililikuta 16,000 soko la Kibaigwa, kulekule Kongwa, mama mdogo anasema baada ya mavuno hushuka mpaka karibu nusu. Tukinunua wakati huo na kuweka kwenye ile mifuko isiyoingiza hewa, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hapati nafasi, stoo ya shule ipo na mlango una kufuli. Mwalimu mkuu ameshakubali, na sharti lake ni kwamba magunia yaingie kwa jina la kamati na yasiandikwe majina yetu. Wenye kutaka kuchangia mnajua dukani kwangu ni wapi, na mwenye bobini orijino za Butterfly aje nazo.